Aliyeshika Mlango

Kwa miaka ishirini na sita Twyla Renner aliendesha basi la shule katika bonde la Harlan, na kwa muda wote huo hakuna aliyemshuku kuwa ni mtu mwenye hofu. Basi lile lilikuwa na mlango mmoja, na mlango huo ulifunguliwa kwa mkono wa chuma uliokuwa kando ya goti la dereva. Watoto arobaini wangeweza kupiga kelele, kutapika na kurushiana viatu nyuma yake. Theluji ingeweza kuziba madirisha yote. Maadamu mkono ule wa chuma ulikuwa karibu na kiganja chake, Twyla alitulia kama maji ya mtungini. Mwenye mlango hafungiwi. Hiyo ndiyo falsafa yote aliyokuwa nayo, na wapo wanafalsafa walioishi vizuri kwa kidogo kuliko hicho.

Kwingineko ilikuwa taabu. Kanisani alikaa kiti cha mwisho. Lifti alizijua kwa kuzisikia. Gari lake aliliendesha kioo kikiwa wazi kidogo hata katikati ya Januari, na jirani yake alisema kila mwaka, bila kuchoka na bila kuuboresha mzaha wenyewe, kwamba Twyla anaipasha moto milima kwa gharama zake. Watu walidhani ni vituko vya ujane. Hakuna aliyeambiwa habari ya friji.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Twyla alipokuwa na miaka tisa na kaka yake Delmar kumi na miwili, nyuma ya ghala la baba yao palitupwa friji kuukuu lenye komeo la nje, la aina ambayo serikali ilikuwa imekwisha kuipiga marufuku baada ya watoto wa kutosha kufia ndani. Delmar alimwambia aingie, naye akaingia. Kumtii kaka ndiyo iliyokuwa dini ya nyumba ile. Komeo likalia. Aligonga kwa kisigino cha kiatu. Aligonga mpaka hewa ikawa nzito kama uji, kisha akaacha, si kwa kukata tamaa, bali kwa sababu mkono haukuwa wake tena. Mama yao alipouliza mtoto yuko wapi, Delmar alijibu, "Kaenda mtoni." Baba ndiye aliyelifungua friji, akitafuta mnyororo wa trekta. Delmar alichapwa, chakula kikapakuliwa, na jambo lile halikutajwa tena mezani wala kwingine.

Kwa miaka arobaini na tisa Twyla alibeba swali moja, nalo halikuwa la kwa nini. Wavulana wa miaka kumi na miwili hawana kwa nini. Alichotaka kujua ni kama Delmar alimsikia akigonga. Kuna kaka aliyefunga mlango akaenda kucheza, na kuna kaka aliyefunga mlango akasimama pale akisikiliza. Twyla hakuwahi kujua amezaliwa tumbo moja na yupi.

Mwezi Februari nesi aitwaye Mireya alipiga simu kutoka hospitali moja ya Denver.

"Wewe ndiye dada yake Delmar Renner?"

"Ndiye mimi. Amekufa?"

"Hapana, mama. Bado. Mapafu yamekwisha, anapumuliwa na mashine. Kesho saa kumi alasiri tunaitoa, mwenyewe ameridhia. Ila kuna jambo. Hawezi kusema, ana mpira kooni, lakini jana aliomba ubao akaandika jina lako. Chini yake akaandika 'friji'. Tukadhani anataka kitu cha baridi, tukampaka barafu midomoni. Akakasirika kweli kweli."

Twyla alikaa chini, kwenye ndoo ya kuni.

"Mama, upo?"

"Nipo. Mwambie nakuja."

Kusema ilikuwa rahisi. Barabara ya mlimani ilikuwa imefungwa kwa siku ya tatu, poromoko la theluji limelala juu yake kama ng'ombe aliyekataa kunyanyuka. Iliyobaki ilikuwa treni ya majira ya baridi, yenye mabehewa ya zamani, na treni hiyo ilipita katika handaki la Stanhope, lenye urefu wa maili sita chini ya mlima. Twyla alikuwa amezeeka maili kumi kutoka kwenye mdomo wa handaki hilo na hakuwahi hata kwenda kulitazama.

Alichukua kijitabu alichopewa zamani na mshauri mmoja wa kliniki. Kilimtaka avute pumzi kwa kuhesabu hadi nne. Kilimtaka ataje vitu vitano anavyoviona, alambe kitu kichachu, ashike kitu cha baridi. Ukurasa wa mwisho kilisema kwamba hofu haijawahi kumuua mtu. Mwandishi hakueleza alimuuliza nani.

*

Saa tatu na robo asubuhi alikuwa amekaa katika behewa la mwisho la abiria, ndimu mfukoni, chupa ya maji ya baridi mapajani. Watu hawakuzidi wanane. Mwishoni bibi mmoja alikuwa akifuma soksi, na wengine walikwisha kujifunika kofia usoni wakalala.

"Hapa pana mtu, dada?"

Aliyeuliza alikuwa mwanamume mnene wa miaka hamsini hivi, mwenye koti la rangi ya chungwa, na shingoni amening'iniza kinasa sauti kidogo ambacho kipaza chake kilivishwa manyoya kama mtoto wa sungura. Alikaa kabla ya kujibiwa.

"Wendell Pruitt. Usiniogope, sirekodi watu. Nakusanya sauti za mahandaki. Ninazo arobaini na moja."

"Zinatofautiana?"

"Dada, ulivyo na akili, umeuliza swali ambalo mke wangu hakuwahi kuuliza. Yeye alisema zote zinalia sawa. Ndiyo maana sasa ni mke wa mtu mwingine." Alikipapasa kipaza kile cha manyoya. "Hiki kinanasa hata nzi akipiga chafya. Na Stanhope ndilo baba yao wote. Maili sita, dakika kumi na mbili, giza kama la tumboni. Tena lina mlango."

Twyla aliacha kulamba ndimu. "Mlango gani?"

"Upande wa kutokea, mashariki. Pazia la chuma. Treni ikishapita wanaliteremsha, halafu mafeni makubwa kama nyumba yanasukuma moshi nje. Treni nyingine ikikaribia, wanalipandisha. Bila hivyo tungekaushwa humo kama nyama ya kulungu."

"Na lisipopanda?"

"Linapanda, linapanda. Lilikataa mara moja tu, mwaka ule wa baridi kali, barafu ikalishika, watu wakakaa ndani saa..."

"Bwana Pruitt, nakuomba tuzungumze jambo jingine."

"Jambo lipi?" Wendell aliuliza kwa mshangao wa kweli.

Kondakta alipita akikusanya tiketi. Aliitwa Ostrander, mtu mrefu mwenye masharubu ya kijivu, na alitoa tangazo lake kwa sauti ya mtu aliyelitoa mara elfu.

"Mabibi na mabwana, baada ya kituo kinachofuata tunaingia mlimani. Kanuni ni moja tu. Tukiwa ndani, mlango wa kati ya behewa na behewa haufunguliwi. Moshi wa injini unajaa hapo katikati, na ukiingia humu hautoki. Wavuta sigara, vumilieni. Wengi wenu mmeoa, mmekwisha kuvumilia makubwa kuliko haya."

Hakuna aliyecheka, wala yeye hakungoja kucheka kwao.

Kituo cha mwisho kabla ya mlima kilikuwa kibanda na taa mbili. Treni iliposimama, Twyla alijikuta amesimama pia, begi mkononi, mbele ya mlango wa kushukia. Hakukumbuka kuamua. Miguu ilikuwa imeamua kwa niaba yake, kama wafanyavyo watumishi wa zamani.

Ostrander alimzuia kwa kiwiko. "Mama, hiki siyo kituo chako. Tiketi yako ni ya Denver."

"Nitashuka."

"Ukishuka hapa utalala na mbweha. Treni nyingine ni kesho."

"Kesho mtu wangu atakuwa amekufa."

"Basi usishuke."

"Siwezi kuingia humo ndani." Alisema kwa sauti ndogo, akitazama viatu vyake. "Siwezi mahali palipofungwa. Siyo woga wa kitoto. Nitapiga kelele, nitavunja kioo. Sitaki kuwatia watu aibu."

Kondakta hakucheka. Alimwangalia kama mtu anayekadiria mzigo.

"Mke wangu anaogopa vipepeo," alisema. "Mwanamke wa kilo tisini. Sichezei hofu ya mtu. Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Dereva wa basi la shule."

"Na huko ndani ya basi hukuogopa?"

"Mlango ulikuwa wangu."

Ostrander alitafakari kidogo, kisha akachukua begi lake. "Njoo. Nina mlango nitakupa."

Alimpeleka hadi mwisho wa behewa, kwenye mlango wa kuteleza wenye kioo kidogo kilichofunikwa na barafu nene. Nyuma yake, alieleza, palikuwa na kinafasi cha kuungia mabehewa, halafu behewa la mizigo ambalo lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Alikitikisa kishikio, akausukuma mlango mpaka ukagota.

"Kitasa chake kimechakaa. Treni ikiyumba, mlango huu unateleza wenyewe na moshi unaingia. Naandika kila wiki, wanasoma kila mwaka. Kazi yako ni kukishika kishikio hiki. Humu ndani wewe ndiye mwenye mlango. Hufungiwi, wewe ndiye unayefunga. Umenielewa?"

Twyla alikishika. Chuma kilikuwa baridi, na umbo lake lilikuwa karibu sawa na lile la mkono wa basi.

"Usimfungulie mtu mpaka uone theluji," Ostrander alisema.

"Mtu gani atakuwa huko nje?"

"Hakuna. Ni namna ya kusema." Akaenda zake mbele.

Kofia ya Wendell Pruitt ilikuwa juu ya kiti chake, na Wendell mwenyewe hakuwapo. Twyla alidhani yuko chooni. Hakufikiri kwamba mtu mwenye sauti za mahandaki arobaini na moja hazikusanyi akiwa nyuma ya vioo viwili, wala kwamba wakati yeye na kondakta wakibishana mbele ya behewa, mtu huyo alikuwa amejipenyeza nyuma, akausogeza mlango, akajibanza katika kinafasi kile pamoja na kinasa sauti chake, akiwa amekwisha kupiga hesabu kwamba dakika kumi na mbili za moshi haziwezi kumdhuru mtu aliyefunga skafu puani.

*

Giza liliingia mara moja, kama kifuniko. Taa za behewa zilikuwa chache na za manjano. Mlio wa magurudumu ukarudi kutoka kwenye mawe ukiwa mara mbili ya ulivyokwenda.

Twyla alishika. Alihesabu hadi nne, akahesabu tena. Vitu vitano: kishikio, kioo, kofia, soksi ya bibi, mkono wake mwenyewe. Jasho lilimtiririka mgongoni, lakini hakupiga kelele. Dakika ya tatu ikapita, ya tano, ya saba. Dakika ya nane alianza kuamini, kwa tahadhari, kwamba inawezekana.

Dakika ya tisa treni ilipunguza mwendo, ikapiga kwikwi, ikasimama.

Kimya cha treni iliyosimama chini ya mlima hakifanani na kimya kingine. Injini iliunguruma mbali mbele, na zaidi ya hapo palikuwa na uzito tu. Kisha sauti ya Ostrander ikatoka kwenye kipaza sauti cha behewa, kavu kama mkate wa juzi.

"Ndugu abiria, taa ya ishara ya mlango wa mashariki ni nyekundu. Mafundi wanagonga barafu. Tulieni mlipo. Msifungue kitu."

Taa zilififia nusu.

Ndipo mlango ulipogongwa.

Mara ya kwanza Twyla alidhani ni moyo wake. Mara ya pili alihisi mtikisiko kwenye kiganja. Kishikio kilivutwa kutoka upande wa pili, naye akakivuta kwake kwa nguvu zote, bila kufikiri, kama mtu anavyofumba jicho likijiwa na mchanga.

"Oya! Fungueni!" Sauti ilikuwa ya kukohoa. "Ni mimi, Pruitt! Moshi huku! Fungua, dada!"

Alimtambua. Jambo hili lilikuwa muhimu baadaye, na hakujidanganya juu yake: alimtambua tangu neno la kwanza. Alijua ni nani, alijua yuko wapi, alijua kinachomwingia mapafuni. Alijua pia kwamba mlango ukifunguka, moshi utaingia katika chumba hiki kilichofungwa ndani ya mlima uliofungwa, na kwamba mlango usipokuwa tena mikononi mwake yeye atakuwa ndani ya friji. Maarifa haya mawili yalikaa kichwani mwake kando kwa kando, na la pili ndilo lililokuwa na mikono.

"Dada! Mlango umekwama! Vuta!"

Alivuta, kwa upande wa kufunga.

Mwanamume yule alikuwa mnene, lakini alikuwa amekwisha kuvuta moshi kwa dakika kumi, na Twyla alikuwa na mikono ya miaka ishirini na sita ya usukani. Kugonga kukarudi, sasa kwa ngumi, sasa kwa kitu kigumu. Kiatu, Twyla alifikiri. Anagonga kwa kisigino.

Bibi wa soksi aliinua kichwa. "Mwenzangu, kuna mtu anagonga huko?"

"Hapana," Twyla alisema. Sauti ilitoka laini na ya kawaida, sauti ya dereva anayewaambia watoto kwamba matairi hayajateleza. "Ni barafu."

"Aa," bibi alisema, akarudi kwenye sindano zake. Watu huamini upesi jibu lisilowataka wanyanyuke.

Ni barafu. Kaenda mtoni. Twyla alisikia maneno haya mawili yakikaa pamoja kama ndugu waliokutana baada ya miaka mingi, na bado mkono wake haukulegea. Hapo ndipo alipojua jambo ambalo kijitabu hakikulitaja: kwamba anayeshika mlango naye amefungiwa, na kwamba huko hakuna chuki wala mchezo, kuna mkono tu uliokaza na masikio yanayosikia kila kitu.

Kugonga kukawa polepole. Pigo, halafu nafasi. Pigo. Nafasi ndefu.

Kisha hapakuwa na pigo.

Abiria mwingine yeyote angefikiri kwamba mtu huyo amepata njia nyingine, au amechoka, au ametulia kungoja. Twyla peke yake katika behewa lile alikuwa amewahi kuwa ndani ya kimya kile. Alijua hakina maana ya subira. Aliutazama mkono wake wa kulia, akautazama kama mtu anavyomtazama mbwa asiyesikia amri, kisha akavibandua vidole vyake kwa mkono wa kushoto, kimoja baada ya kingine, akausukuma mlango ukafunguka.

Moshi uliingia kwanza. Wendell Pruitt alifuata, akiangukia viatu vya Twyla, midomo rangi ya risasi, kiatu kimoja mkononi.

*

Watu walipiga kelele, kama ilivyotarajiwa. Ostrander alikuja mbio na mtungi mdogo wa oksijeni, akaufunga mlango kwa teke, akapiga magoti. Behewa zima lilikohoa. Dakika sita baadaye pazia la chuma lilipanda, treni ikatambaa nje, na theluji ikawaka madirishani kwa mwanga ambao hakuna aliyeushukuru.

Pruitt alikuwa hai. Alilazwa juu ya viti viwili, macho mekundu, pumzi ikikwaruza. Twyla alipiga magoti kando yake, kwa sababu hakuona mahali pengine pa kuwa.

"Dada," Pruitt alinong'ona. "Umeniokoa. Uliganda, sivyo? Huo mlango."

Twyla alikichukua kile kiatu, akaanza kumvisha.

"Nilijua umeganda. Nilikusikia unahangaika nao." Akafumba macho. "Mungu akubariki."

Ostrander alimchukua Twyla pembeni. Alikuwa na daftari la ripoti mkononi na kalamu imesimama juu yake.

"Mama, mimi ndiye niliyekwambia usimfungulie mtu. Nisingesema vile kama ningehesabu vichwa. Sasa niandike nini?"

"Andika unachojua."

Kondakta alivitazama vidole vya Twyla. Mstari wa bluu ulikuwa umekata kiganja kutoka upande hadi upande. Alitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akaandika neno moja, na Twyla, aliyezoea kusoma daftari za watoto zikiwa kichwa chini, aliliona. Barafu.

Hapo ndipo alipokiona kinasa sauti. Kilikuwa chini ya kiti karibu na mlango, manyoya yake yamelowa, na ubavuni taa ndogo nyekundu ilikuwa bado inawaka. Kinanasa hata nzi akipiga chafya. Alikiokota. Kwenye kituo cha kwanza gari la wagonjwa lilikuwa likingoja. Palikuwa na muda wa kutosha wa kufungua dirisha, na nje ya dirisha palikuwa na korongo ambalo lisingetoa ushahidi mpaka mwezi wa sita.

Alirarua kipande cha tiketi yake, akaandika jina lake na nambari ya simu. Walipombeba Pruitt kwenye machela, aliviingiza vyote viwili katika mfuko wa koti la rangi ya chungwa, akafunga zipu. Kitufe chochote hakukigusa.

*

Alifika hospitali saa tisa na nusu. Chumba cha Delmar kilikuwa ghorofa ya tano, naye alipanda ngazi. Kaka yake alikuwa amebaki kidogo mno: pua, mpira, na mkono mmoja juu ya shuka.

"Hawezi kuandika tena tangu asubuhi," Mireya alisema. "Lakini anasikia. Shika mkono wake, muulize. Akibana mara moja ni ndiyo. Mara mbili siyo."

"Ahsante, binti yangu."

"Nifunge mlango mkae wenyewe?"

Twyla aliutazama mlango. "Fanya unavyofanya kwa wengine," alisema, na nesi akaufunga.

Aliukamata mkono wa Delmar kwa mkono wake wa kulia. Macho ya ndugu yake yalikuwa wazi na yalikuwa juu yake, na ndani yake palikuwa na kitu kilichongoja kwa muda mrefu kuliko ugonjwa.

"Nimepita handakini, Del," alisema. "Umesikia? Mimi, handakini."

Akabana mara moja.

"Nina swali moja. Unalijua."

Mara moja.

"Ulinisikia nikigonga?"

Mashine ilipumua mara tatu. Kisha vidole vikabana, juu kabisa ya ule mstari wa bluu, mara moja, kwa nguvu ambayo daktari asingeiamini. Twyla alingoja pigo la pili. Halikuja. Delmar hakuachia, na machozi yakamtiririka kuelekea masikioni, kama yafanyavyo ya mtu aliyelala chali.

Kwa miaka arobaini na tisa Twyla alikuwa ameiandaa hasira ya saa hii, ameinoa, ameifunga vizuri na kuiweka mahali pakavu. Aliitafuta sasa na hakuiona. Si kwamba alikuwa amemsamehe. Kusamehe kunahitaji mtu asimame mahali pa juu kidogo, na yeye hakuwa na mahali kama hapo tena.

"Mkono ulikataa," alisema. Halikuwa swali.

Delmar akabana mara moja.

"Najua."

Saa kumi walikuja kuitoa mashine. Ilimchukua dakika ishirini na mbili, na hakuachia mkono hadi mwisho.

*

Walimzika siku ya nne, barabara ikiwa imefunguliwa. Twyla aliendesha gari kurudi bondeni na kioo wazi kidogo kama kawaida. Hakuwa amepona kitu. Hofu ilikuwa palepale ilipokuwa, imeongezewa jirani.

Jumanne iliyofuata, akimenya viazi, simu ililia. Nambari hakuijua. Aliipokea kabla ya mlio wa pili.

Hapakuwa na salamu. Palikuwa na mvumo mzito, wa chini, na Twyla akajua mara moja kwamba Pruitt alisema kweli: mahandaki hayalii sawa. Halafu mapigo, na kukohoa, na kuitwa kwake, si kwa jina bali dada, dada. Halafu, karibu sana na kipaza, ng'ambo ya bati jembamba, sauti ya mwanamke, laini na ya kawaida: Hapana. Ni barafu.

Kinasa kikazimwa. Mtu akapumua kwenye simu, pumzi yenye mkwaruzo ambao huenda ungebaki.

"Dada," Wendell Pruitt alisema. "Nimekisikiliza mara tisa. Sitaki polisi, sitaki nini. Nataka kujua jambo moja tu."

Twyla aliweka kisu mezani. Alifikiri kwamba mtu huyu alikuwa amengoja siku nane, na kwamba hata siku nane ni nyingi.

"Ndiyo," alisema. "Nilikusikia."